Hili neno "run" la Kiingereza liliwahi kunila mshahara (uzi mrefu, vuta kiti)

Kijana wa Dobi

Wakuu, habari za jioni. Kila wiki humu anatokea mdogo wetu anauliza namna ya kuongeza msamiati wa Kiingereza, na kila wiki anaambiwa akariri maneno kumi kwa siku. Mimi ningemwambia achukue neno moja tu, "run", akae nalo mwezi mzima. Nina sababu, na sababu yenyewe ilinitoa pesa mfukoni.

Zamani nilifanya kazi chumba cha dobi katika hoteli moja kaskazini mwa Unguja. Asubuhi moja mgeni, mama wa makamo, akaleta mfuko wa nguo. Ndani mna gauni jekundu la batiki, na kifuani kabana kikaratasi kwa pini: "Careful, this one runs." Nikakisoma, nikacheka peke yangu. Gauni linakimbia? Nikasema labda ndilo analovaa akienda mazoezi ufukweni. Nikachomoa pini, nikalitumbukiza gauni kwenye mashine pamoja na mashuka ya vyumba sita, maji ya moto, nikaenda zangu kunywa chai.

Niliporudi, kwenye kioo cha mashine ilikuwa inazunguka juisi ya rozela. Mashuka kumi na mawili, yote waridi, na wala si waridi la kupendeza, ni lile la mabaka. Mzee niliyekuwa naye zamu, ambaye Kiingereza chake kiliishia kwenye "good morning", akalinyanyua gauni kwa vidole viwili likidondosha maji mekundu sakafuni. Akaniambia, "Mwanangu, hii yachuja. Hukuona?"

Kuchuja! Neno ninalo tangu utoto. Kila kanga mpya ya mama yangu ilifuliwa peke yake kwa sababu hiyo hiyo. Lakini darasani tuliandika "run" ni kukimbia, tukapiga mstari, tukahamia neno jingine, na mimi nikaamini habari imeisha pale.

Haijaisha, wakuu. Kwenye kamusi kubwa ya Oxford, toleo la 1989, neno lililokuwa na maelezo marefu kuliko yote lilikuwa "set". Walipoanza kuipitia upya, "set" likapitwa, na mwaka 2011 "run" ndilo likakaa kileleni: maana 645, na hapo ni kitenzi peke yake. Mhariri aliyelishughulikia, Peter Gilliver, lilimchukua zaidi ya miezi 9. Mtu anabeba mimba, anajifungua, mwenzake bado yuko ofisini na neno moja.

Msitishike na hiyo 645. Nyingi ni ndugu wa tumbo moja. Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili vilivyofanana. Kimoja, "rinnan", ni cha kitu kinachokwenda chenyewe: mtu kukimbia, maji kutiririka. Cha pili, "ærnan", kilihusu kumpeleka farasi mbio, na wanaochimba asili za maneno wanakihesabu kuwa kilianza kama umbo la kusababisha: kukifanya kitu kiende. Kwa lugha yetu, walikuwa na kwenda na kuendesha, kukimbia na kukimbiza. Karne zikapita, vitenzi viwili vikashikana vikawa kimoja. Ndiyo maana leo anasema "the river runs" na "she runs a shop" kwa neno lile lile, wakati kwetu mto unatiririka na dada anaendesha duka. Wao walipoteza "-sha" yao. Sisi bado tunayo.

Kwa hiyo ukikutana na "run", usikimbilie kuuliza maana yake. Uliza kwanza: hiki kitu kinakwenda chenyewe, au kuna anayekiendesha?

Vinavyokwenda vyenyewe Kiswahili kinavipa kila kimoja kitenzi chake. Rangi inachuja. Kamasi zinachuruzika. Barabara inapita kandokando ya bahari. Ugonjwa uko kwenye ukoo. Mkataba ni hadi Desemba, hata kitenzi hauhitaji. Mnakumbuka wakati wa korona, kila mlango una ndoo yenye koki na tangazo la kunawa kwa maji tiririka na sabuni? Hayo maji tiririka ni "running water" iliyovishwa kanzu, na kanzu ilimkaa. Maana ya kutiririka ni ya zamani sawa na ya kukimbia, kwa hiyo yule mama hakuwa anaongea kwa mafumbo. Gauni lake lilifanya kile kile alichoandika.

Vinavyoendeshwa ni rahisi zaidi: duka, hoteli, mkutano, mtambo, semina. Gharama za uendeshaji ni "running costs". Hapo "endesha" inakubeba karibu safari nzima.

Halafu kuna ukoo wa tatu, mfululizo. "Three days running" ni siku tatu mfululizo, hata kama siku zote hizo ulikuwa umelala. "A run of bad luck" ni mikosi inayofuatana kama mabehewa. Huyu wa tatu ndiye anayewaangusha wengi kwenye ufahamu, maana hakuna mwendo wowote unaouona kwa macho.

Naweka kalamu chini kidogo. Karibuni mtie nyama.

Mwanamoshi

Mkuu umenikumbusha mbali. Nilikuwa mapokezi, Moshi, wiki ya mbio za Kilimanjaro, mji umejaa wakimbiaji. Mgeni kashuka alfajiri, kajishika tumbo, kaniinamia mezani: "I've got the runs." Nikampa mkono nikamwambia hongera, nikamuuliza anakimbia kilomita 42 au 21. Alinitazama, hakujibu, akageuka akapanda ngazi mbili mbili.

Ni mpishi aliyekuja kuniambia mgeni wa chumba cha juu anaomba ORS.

Kijana wa Dobi

😂😂 Mkuu, ulimpa hongera ya tumbo la kuendesha!

Lakini tuliangalie hili kidogo, maana ni tamu. Kwenye Kiingereza cha kwetu Afrika tunasema "running stomach", daktari anakuelewa mara moja. Mwingereza ukimwambia hivyo atakuelewa kwa kukisia, yeye angesema "the runs" au jina la hospitali, "diarrhoea". Sasa sikiliza Kiswahili: tumbo linaniendesha. Nani dereva hapo? Tumbo. Wewe ndiye gari. Aliyetunga msemo huo alikuwa ameshikwa usiku na choo kiko nje.

Mbishi wa Kariakoo

Mimi naona hii ni lugha maskini tu. Neno moja linabebeshwa mizigo ya kijiji kizima. Kiswahili kila kitu kina neno lake, umesema mwenyewe.

Kijana wa Dobi

Ndugu yangu, kabla hujalala leo utapiga mswaki. Kesho utapiga pasi shati, utapiga simu, utapiga hodi kwa mtu, utapiga picha, ukifika mwaka wa uchaguzi utapiga kura. Mgonjwa anapiga chafya, mhuni anapiga chabo, mganga anapiga ramli, serikali inapiga marufuku. Ukiogopa unapiga moyo konde. Na mwizi wa fedha za umma siku hizi anaitwa mpigaji, wala hajamgusa mtu kofi. Mzungu aliyefundishwa kuwa kupiga ni kumchapa mtu, mwambie umempiga mtoto picha uone anavyokukodolea macho.

Bado "kula" sijaigusa: kula kiapo, kula njama, kula hasara. Kila lugha ina punda wake. Wao punda wao ni "run", na sisi tunao.

Mbishi wa Kariakoo

Hapo umenipiga bao.

Seremala wa Gikomba

Wasee, huku Nairobi mbao tunauza kwa "running foot". Maana yake unahesabu urefu pekee. Upana na unene tushamaliza kutaja, tumesema nne kwa mbili ama sita kwa mbili, sasa ni futi ngapi kwenda mbele. Mteja mgeni huniuliza mbao inakimbia kwenda wapi. Nikasoma huu uzi nikaelewa mara ya kwanza kwa nini inaitwa hivyo: ni ule ukoo wa mfululizo, futi baada ya futi.

Halafu kuna kriketi. Mkitaka kuchanganyikiwa nendeni huko. Wapigaji wawili wakibadilishana ncha za kile kijia cha katikati ya uwanja mnahesabu "run" moja, hiyo sawa, wamekimbia. Lakini mpira ukifika mpakani ukiwa unabiringika chini unapewa 4, ukivuka mpaka hewani unapewa 6, na wewe umesimama tu na gongo lako. Brian Lara wa West Indies alipiga 400 dhidi ya Uingereza mwaka 2004 bila kutolewa, na karibu nusu ya hizo hakuzikimbilia. Sisi mwaka 2003 tulifika nusu fainali ya Kombe la Dunia, mtaa mzima ulikuwa unahesabu "runs" bila kujua sheria.

Mhasibu Mstaafu

Nakuunga mkono ndugu wa Nairobi kuhusu kukimbia bila kukimbia. Katika fedha kuna "a run on the bank", wateja wote kutaka pesa zao kwa mpigo. Benki yoyote duniani haikai na fedha taslimu za wateja wote, nyingine zimekopeshwa, kwa hiyo hata benki yenye afya inaweza kuanguka. Septemba 2007 Uingereza, watu walipanga foleni nje ya matawi ya benki ya Northern Rock, wazee wamebeba viti vya kukunja. Foleni ile haikuwa na mtu anayekimbia. Ilikwenda kwa hatua ya kobe.

Machi 2023 kule Marekani ikawa ajabu zaidi. Kwa siku moja wateja wa Silicon Valley Bank waliomba kutoa dola bilioni 42, wengi wakiwa wamekaa na simu mkononi. Siku iliyofuata ikafungwa. Hapo kilichokimbia ni kidole gumba.

Mwenye neno zuri la Kiswahili la jambo hili alilete. Mimi nimekuwa nikiandika "wateja kuikimbilia benki", lakini hainiridhishi, maana mtu anaweza kudhani wanakwenda kuweka.

Kijana wa Dobi

Mzee shikamoo. "Kuikimbia benki" je? Ukitoa ile "-li-" maana inageuka kabisa: kuikimbilia ni kwenda kwake kutafuta hifadhi, kuikimbia ni kuitoroka.

Mhasibu Mstaafu

Marahaba. Miguu inaikimbilia, pesa inaikimbia. Nitaifikiria.

Mpiga Kura

Msisahau siasa. Marekani mtu "runs for president", Uingereza mtu "stands" kwenye jimbo. Mmoja anakimbia, mwingine kasimama, wanatafuta kiti kimoja. Kiswahili chetu kimekaa na wote wawili, tunasema fulani kasimama ubunge, lakini neno lenyewe ni kugombea, na kugombea kuna ugomvi ndani yake. Nadhani sisi ndio tuliosema ukweli.

Na "running mate" lilitoka kwenye mbio za farasi: farasi wa zizi moja anayeingizwa kumwekea mwenzake mwendo. Sisi tukatafsiri mgombea mwenza, farasi tukamwacha zizini. Kwa Tanzania katiba inataka mgombea urais akitoka upande mmoja wa Muungano, mwenza atoke upande wa pili, kwa hiyo zizi moja lakini malisho mawili.

Bibi Cherehani

Wanangu, mimi nimesoma yote na miwani yangu. "Running stitch" ni ule mshono wa mkono, sindano inazama na kuibuka kwenye mstari mmoja bila kurudi nyuma. Mimi huutumia kupiga bandi kabla ya kupitisha cherehani. Umeitwa hivyo kwa sababu unakwenda tu, haurudi. Ule unaorudi nyuma ndio wenye nguvu.

Na zile soksi ndefu nyepesi za mabibi harusi, uzi mmoja ukikatika mstari unapanda mpaka gotini huku unautazama. Mmarekani anaita "run". Mwingereza anaita ngazi, "ladder". Mteja wangu mmoja alilia kanisani kwa hiyo ngazi. Nilimpaka rangi ya kucha isiyo na rangi pale ilipofikia, ikasimama.

Kijana wa Dobi

Bibi shikamoo. Hiyo "ikasimama" ndiyo darasa zima. Kinachokwenda chenyewe huwezi kukiuliza, unakizuia tu.

Fundi Kompyuta

Sisi ofisini hatuna haja ya haya yote. Programu ime-run au haija-run. Basi.

Kijana wa Dobi

Sawa mkuu, na kila mtu anakuelewa. Lakini juzi ukimweleza mama yako tatizo la kompyuta ulisema nini? Nina hakika ulisema haifanyi kazi. Kuendesha programu kupo, na "operating system" tayari watu wanaiita mfumo endeshi. Ni ile "-sha" imerudi nyumbani.

Shangazi wa Mbagala

Na vile vineno vinavyoning'inia nyuma yake mbona hamvisemi? Vilitaka kuniua. Mpwa wangu yuko London, aliandika kwenye kundi la familia: "I ran into Uncle at the station." Mwanangu wa kidato cha pili akatusomea kwa sauti: amemgonga mjomba stesheni. Nimepiga yowe, jirani kaja na kanga kichwani, tumeanza kuuliza maiti inasafirishwaje. Simu ikapigwa. Mjomba akapokea mwenyewe, anakula.

Kijana wa Dobi

Pole shangazi, na shikamoo. Kijana hakukosea sana, maskini. "Run into" ukikifuatisha na ukuta au nguzo ni kugonga kweli. Ukikifuatisha na mtu unayemfahamu ni kukutana naye bila kutarajia. "Run over" ndiyo ya kuogopa, hiyo ni kukanyagwa na gari. Mjomba angekuwa na "over" ningekuambia tandika jamvi.

Hivi vineno ni kama viambishi vyetu, vinakaa nyuma tu badala ya katikati. "Run out" ni kuishiwa: mafuta yamekata, unga umekwisha, subira imeniishia. "Run away" ni kutoroka. "Run down" ni vurugu tupu: betri imekwisha chaji, mtu amechoka hana nguvu, nyumba imechakaa, au umemsema mtu vibaya mgongoni. Hiyo moja ningekushauri ukikutana nayo usome sentensi mbili za mbele kabla hujasema kitu kwenye kundi la familia.

Mwanafunzi wa Jioni

Mtoa mada asante. Nina swali la mtihani: "He ran up a huge bill." Nimeandika alipanda mlima mkubwa wa bili. Mwalimu kanipa sifuri.

Kijana wa Dobi

Mimi ningekupa nusu kwa ujasiri. Alilimbikiza deni. Picha ni ya namba zinazopanda mfululizo, moja juu ya nyingine, kwa hiyo ulikuwa kwenye ukoo sahihi, umeingia nyumba ya jirani tu.

Bibi Cherehani

Kijana, hujamaliza hadithi. Mashuka yaliishia wapi?

Kijana wa Dobi

Bibi, tuliyaloweka kwenye jiki mara mbili. Manane yalirudi meupe ya kukubalika. Manne yakakataa, nikakatwa mshahara, nikapewa niende nayo. Moja bado ninalo, ndilo nimelilalia nikiandika haya.

Gauni nililipiga pasi nikalipeleka mwenyewe chumbani kwake, limepauka upande mmoja. Yule mama hakufoka. Aliniuliza tu kama niliona kikaratasi. Nikamwambia niliona, na nilikisoma.